Freni ya Mashine ya Mirindi

Bonfils ndiye aliyeileta mashine nyumbani, siku chache baada ya maziko. Aliifunga ndani ya gunia la unga wa mihogo, akaiweka mlangoni, akasema, "Pole, Orpha. Hii ni ya kwenu," akaondoka bila kunywa hata maji.

Nilijua ni nini kabla sijafungua gunia. Ilikuwa tronsoneze ya mume wangu, mashine ya kukata miti, aliyoinunua Uvira ikiwa imeshapita kwenye mikono ya watu ambao Mungu peke yake anawajua. Mirindi alikuwa akiilaza chini ya kitanda chetu, upande wake. Nikimwambia inanuka, anajibu, "Inanuka ugali huo, mama." Sasa ilikuwa imerudi peke yake.

Alikufa kule chini, kwenye mitaa ambayo ziwa liliingia likakataa kutoka. Miti ya kule ilikufa ikiwa imesimama ndani ya maji, na wenye nyumba wanataka ikatwe kabla haijaangukia mapaa yao. Bonfils ndiye kapita, msimamizi wa kazi hiyo, na alikuwepo. Alinieleza kwamba ncha ya kile chuma kirefu kinachobeba cheni iligusa tawi jingine lililojificha nyuma. Mashine ikaruka, ikamrudia shingoni. "Alisimama kidogo," Bonfils alisema, "kama mutu anatafuta kukumbuka kitu."

Sisi ni watu wa Uvira, lakini tumekaa mtaa wa Cibitoke muda mrefu, na kilio tunakifanya kama wanavyofanya hapa Bujumbura. Mtu akifa, vitu vyake vinalala. Nguo, redio, viatu, vyombo vya kazi, hakuna kinachotoka nyumbani, hakuna anayepewa, hadi siku ya kumaliza kilio, ile ambayo kila mtu hapa anaiita levé. Siku hiyo jamaa wanakaa, bia inashuka, mzee wa ukoo anasimama na kusema marehemu aliacha nini na nani anachukua nini. Mashine kila mtu alijua itakwenda kwa nani. Mirindi alikuwa na mdogo mmoja wa kiume, Jérémie. Na Bonfils alikuwa ameshamwambia kwamba baada ya levé nafasi ya mkubwa wake inamngoja, kulekule majini.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Jérémie asife kama Mirindi.

Kwa hiyo niliifungua ile mashine. Asubuhi, mama mkwe wangu Mwavita akishatoka kwenda sokoni, nilikuwa natandika gunia uani nyuma ya choo na kukaa chini. Nilikuwa na ufunguo wa mashine, bisibisi, mswaki wa zamani na esansi, yaani petroli, kidogo ndani ya kopo. Unga wa mbao ulikuwa umeshikana na mafuta kila pembe kama udongo wa mfinyanzi. Niliukwangua polepole. Sehemu nyingine rangi yake haikuwa ya mafuta. Hapo nilikuwa naacha mswaki kwanza, naangalia ukuta, halafu naendelea.

Nilijua kazi hiyo kwa kuiona. Jioni zote za ndoa yetu Mirindi alikuwa akinoa na mimi nikishika cheni isicheze. Alikuwa akisema jino la mashine linanolewa kwa kusukuma tupa, halinolewi kwa kuivuta, na meno ya kushoto yakizidi ya kulia mashine itakata kwa upinde kama mlevi anayerudi kwao. Nilijua kufua kichujio cha hewa kwa sabuni, kuchokoa uchafu kwa waya kwenye mfereji wa cheni, na kufuta masizi kwenye buji, ile plagi ya kuwashia, mpaka chuma kionekane. Na kuchanganya esansi ilikuwa kazi yangu tangu mwanzo, kwa sababu yeye alikuwa na haraka. Mashine ya namna hii haina mahali pake pa kuwekea mafuta ya injini. Mafuta yanachanganywa ndani ya esansi yenyewe. Siku ya kwanza kabisa alinishika mkono akaniambia, "Sikia vizuri. Ukiipa esansi kavu, isiyo na mafuta, itaimba kuliko siku zote, halafu itakufa, haifufuki. Utakuwa umetuua njaa sisi wote."

Siku moja mama mkwe alirudi mapema, akanikuta na mashine imetawanyika mbele yangu.

"Orpha! Vitu vya marehemu vinalala!"

"Naisafisha tu, mama. Siitumii."

"Iache ilale."

"Kutu haina kilio, mama. Jérémie atapokea nini?"

Alisimama pale na kikapu chake kichwani. Alikuwa amekonda tangu maziko, kitenge kinamzunguka mara mbili. "Unaitafuta nini humo ndani?" aliuliza. "Chuma hakiui mutu. Mutu anauliwa na mutu. Kuna mwenye alimwonea mwanangu wivu, na siku moja nitamjua." Akaingia ndani. Jinsi alivyosema "nitamjua" ilinifanya nikusanye vyombo vyangu haraka.

Lakini nilikuwa nimeshaona. Nilipokifungua kifuniko cha pembeni, kile kinachoficha mahali cheni inapozungukia, nilikuta mfereji mtupu, mviringo, umechongwa vizuri kiwandani, na hakuna kitu ndani. Juu yake, mbele ya mshikio wa mkono wa kushoto, kulikuwa na matundu ya bolti yasiyo na bolti. Niliyaingizia kidole. Mtu hachongi mfereji ili uwe mtupu. Mashine ilikuja kwetu hivyo, na Mirindi hakuwahi kuuliza.

Nilikitia kile kifuniko ndani ya mfuko wa plastiki, nikaenda nacho Jabe. Nyuma ya soko kuna fundi anayeitwa Hamissi, anauza vyuma vya mashine zilizokufa, kavipanga chini kwenye turubai, pampu, kabireta, vipande vya jenereta. Alikigeuza kifuniko changu, akacheka.

"Dada, unatafuta freni?"

"Natafuta kitu kilichokuwa humo."

"Basi ni freni. Mshipi wa chuma unakaa hapa, na kinga ya mkono inakaa hapa juu. Mashine ikiruka, mkono wako unaigonga ile kinga, mshipi unabana, cheni inasimama."

"Inasimama wapi?"

"Namna gani, wapi?"

"Ikiwa inakuja shingoni. Inasimama kabla au baada?"

Hamissi aliacha kucheka. Aliangalia kitambaa changu cha kilio kichwani. "Kabla, dada," akasema. "Kabla haijafika. Wateja wote wananiambia, 'Hamissi, toa hiki kitu, kinatusumbua, kikiguswa kidogo kazi inasimama.' Natoa. Wewe ni wa kwanza kuniambia nirudishe."

Alikuwa na mashine mfu ya namna ileile. Alinitolea mshipi, kinga na bolti zake, akaniuliza nina nini. Sikuwa na kitu. Halafu nikakumbuka viatu vya kazi vya Mirindi, vile vyenye chuma puani, ambavyo Bonfils alivirudisha pamoja na gunia. Nilijua ni vitu vya marehemu na nilijua levé haijafika. Nikavileta. Nilijiambia Jérémie anaweza kununua viatu vingine.

Jérémie alikuja kututembelea Jumapili moja baada ya kanisa. Alikuwa na shati jeupe, na kicheko cha mkubwa wake, kile kinachoanzia puani. Nilimpeleka uani, nikamwonyesha. Niliiwasha mashine mwenyewe, mguu ndani ya mshikio wa nyuma, kamba mara chache, ikawaka, nikaipa gesi cheni ikazunguka. Nikasukuma kinga mbele kwa mgongo wa mkono. Tak. Cheni ikasimama.

"Yéé!" Jérémie akapiga makofi. "Shemeji umekuwa mecano!"

"Umeona? Ukitaka kukata, unavuta kinga kuelekea kwako. Ikiruka, inajifunga."

"Nimeona. Lakini kule majini Bonfils atanicheka, sha. Wale wote wanakata bila hii. Atasema mashine yangu imevaa kofia ya bibi harusi."

"Acha akucheke. Mirindi hakuchekwa."

Aliangalia chini. Kicheko kilimtoka usoni. "Sawa, shemeji," akasema. "Kwa ajili yako nitaiacha." Nikamwamini. Nilikula vizuri siku ile, mara ya kwanza tangu kilio kianze.

Siku ya levé walitandaza maturubai juu ya ua wa parsela yetu, wakaazima viti kwa majirani. Kreti za bia zilipangwa ukutani, na wazee wakawekewa chungu cha impeke, pombe ya mtama, na mirija yake. Mama mkwe alivaa kitenge kipya. Mimi nilivuliwa kitambaa cha kilio, nikamwagiwa maji mikononi. Bonfils naye alikuja, akakaa mbele. Nilikuwa natembea na sahani huku naangalia mashine. Niliiweka juu ya kigoda mlangoni, inang'aa, cheni nimeinoa jino kwa jino.

Mzee Bahizire, baba mdogo wa Mirindi, ndiye aliyesimama kusema. Alishukuru watu, akamtaja marehemu, akaanza kugawa. Redio kwa mama yake. Koti kwa mjomba wa Uvira. "Na vyombo vya kazi, kama ilivyo desturi, vinakwenda kwa mdogo wake. Mashine. Na viatu vya kazi." Akageuka kwangu. "Leta viatu, binti yangu."

Niliweka sahani chini.

"Viatu vya mwanangu viko wapi?" mama mkwe akauliza.

"Nilivitoa, mama. Kwa fundi wa Jabe. Nilipata freni ya mashine."

Halafu mwanamke mmoja kule nyuma akasema, si kwa sauti kubwa lakini kila mtu alimsikia, "Kwa fundi. Eh! Mjane na fundi." Wengine wakacheka ndani ya bia zao.

"Levé haijafika, wewe unagawa vitu vya mwanangu kwa wanaume wa Jabe?" Mama mkwe alikuwa amesimama. "Nani alikuambia mashine inataka freni? Alikuambia nani?"

Nilimtazama Jérémie. Nilitaka aseme, "Mama, mi niliiona, ni kitu kizuri." Alikuwa amekunywa, na watu wote walikuwa wanamwangalia. Viatu vile alivitamani, nilijua. Alikuwa akivipima kwa macho hata mkubwa wake akiwa hai. Alinyanyuka bila kunitazama, akaenda kuchukua mashine.

"Tuone kwanza kama inakata," alisema.

Kulikuwa na gogo la mwembe uani, limeletwa kwa ajili ya kuni za kupikia. Alipoibeba mashine kutoka mlangoni kinga iligonga nguzo, ikasukumika mbele. Niliona. Niliita, "Jérémie, vuta ile kinga!" lakini alikuwa ameshaivuta kamba, na sauti ya injini ikafunika yangu. Alikandamiza mashine juu ya gogo. Cheni haikuzunguka. Akaongeza gesi. Injini ikalia, moshi mweupe ukaanza kutoka kwenye kifuniko cha pembeni, na harufu ya chuma kinachoungua ikaenea juu ya vyakula vya watu.

"Zima! Zima!" nilikuwa napiga kelele.

Alizima. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu. Bonfils akasema, "Jérémie, hiyo ni ya kukatia nini? Siagi?"

Jérémie alinigeukia. Uso ule sikuwa nimewahi kuuona kwake. "Umeiharibu."

"Haijaharibika. Ilikuwa imefunga freni. Ukivuta hii..."

"Umeiharibu makusudi!" Alikuwa anaongea na watu wale wote, mimi alinitazama tu. "Lete ufunguo."

Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa kitenge changu. Mama mkwe aliuchomoa humo yeye mwenyewe, akampa. Jérémie alipiga magoti, akafungua bolti moja baada ya nyingine, akaing'oa kinga na ule mshipi. Alivirusha vikaanguka karibu na miguu yangu.

"Sasa hiyo ni mashine," Bonfils alisema. Hakusema kwa ubaya. Bonfils si mtu mbaya. Ana watu wa kuwalisha na miti ya kukata. "Kijana, Jumatatu asubuhi uwe kule chini. Nina miti ya ua mmoja, mikubwa, imeegemeana."

Imeegemeana. Tawi nyuma ya tawi.

"Jumatatu, patron," Jérémie akajibu. Kicheko kilianza kumrudia. Alitikisa mashine sikioni. "Esansi imekwisha. Shemeji, tuwekee. Hiyo unaijua, au nayo umempa fundi?"

Walicheka tena. Nikachukua mashine, nikaingia nayo ndani.

Esansi Bujumbura ni adimu, ni kitu cha kuficha. Yangu ilikuwa nyuma ya gunia la makaa, kwenye chupa za plastiki zilizovuka kutoka Uvira. Chupa moja nilikuwa nimeshaichanganya. Ilikuwa na rangi ya majani kwa sababu ya mafuta. Nyingine ilikuwa bado kavu, safi kama mkojo wa mtoto. Niliziweka mbili mbele ya mashine. Nje nilimsikia mama mkwe akisema, "Hakutuzalia hata mutoto, na sasa anatunyima hata chuma." Nilimsikia Jérémie akiwaeleza watu jinsi atakavyoiangusha ile miti. Alikuwa anaonyesha kwa mikono, nilijua bila kumwona, na shingo yake iko wazi kwenye lile shati jeupe.

Nilifikiria kwamba mashine ile ndiyo itakayomlisha mama mkwe. Mirindi alinishika mkono siku ile akanionya. Nilifungua tangi, nikamimina chupa iliyokuwa kavu.

Nilimpelekea. "Ilikaa muda mrefu," nilimwambia. "Kabla hujakata, ipe gesi yote hapo ulipo, ijisafishe koo. Usiiachie."

Aliiwasha. Akaivuta gesi mpaka mwisho, mashine imeelekea juu, na cheni ikazunguka hata haionekani. Kwanza ilinguruma kama kawaida. Halafu sauti ikapanda. Ikawa nyembamba, safi, inaimba kama Mirindi alivyosema. Watu waliinua chupa zao. "Hiyo! Hiyo!" Mzee Bahizire alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. Mama mkwe alipiga kigelegele huku machozi yanamtiririka, kwa sababu ilikuwa sauti ya mwanawe akirudi kazini. Jérémie aliizungusha mbele ya watu kama ngoma, na mimi nilikuwa naangalia ile ncha ilivyopita karibu na uso wake, nikiiambia mashine moyoni, kufa, kufa sasa, kufa.

Ikapiga yowe moja. Ikasimama.

Alivuta kamba. Kamba haikuja. Alivuta kwa mikono miwili, mshipa umemtoka shingoni, kamba ikakatika akaanguka chali. Hakuna aliyecheka. Bonfils alikuja, akaigusa injini, akatoa mkono haraka, akanusa kofia ya tangi. Akainusa mara ya pili. Alininyanyulia macho, tukatazamana.

"Imekamata ndani," aliwaambia watu. "Imekufa." Hakuongeza neno.

Lakini mama mkwe hakuhitaji neno la Bonfils. Alikuwa amekuja mbele yangu, karibu kabisa, ananinong'oneza. "Sasa nimekujua," alisema.

Sitaandika yote waliyonifanyia jioni ile. Jirani yetu Marguerite ndiye aliyewaondoa juu yangu. Nilitoka kwenye ile parsela na kitenge nilichovaa, na kinga niliyoiokota chini nikiwa nimeishika bila kujua.

Sasa ninakaa kwa Marguerite upande wa pili wa barabara, ninakaanga samaki wa ndagala mlangoni pake. Wengine hawanunui kwangu. Wanasema mkono wangu uliua mume na ukaua mashine. Mama mkwe anauza makaa, mzigo anabeba mwenyewe mgongoni, na nikimwona najificha nyuma ya mlango, kwa sababu mgongo huo ni mimi niliyeukunja. Bonfils alipata mtu mwingine wa kukata ile miti, jina lake Maxime, ana mke mwenye mimba. Nilikwenda kule chini na kinga ndani ya mfuko. Mashine yake haina. Nilimwonyesha, akacheka, akaniambia nirudi kwenye samaki zangu.

Jérémie anasukuma baiskeli ya kreti za bia, anapandisha kutoka mjini jua likiwa kali. Amekonda. Akifika mbele ya jiko langu anageuza uso, anatema mate, halafu anainama tena kusukuma, na kola ya shati inamshuka.

Mimi naacha samaki waungue. Naiangalia shingo yake mpaka inapotea barabarani.